Geuza Kibao

Mtu akikuambia kupiga picha ni kubonyeza kitufe tu, mjibu kwamba basi na kupika ni kuwasha moto tu. Mama Pumua alikuwa na jibu hilo mdomoni kwa yeyote aliyekaa kwenye kiti chake akaanza kutazama saa. Jina hilo la Pumua hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kumpiga mtu picha bila kumwambia neno hilo moja. Mtu akikaa mbele ya kamera hubana pumzi, mabega yakapanda, uso ukawa wa mtu anayesubiri sindano. Yeye alisubiri, hana haraka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Pumua," na mtu alipoachia pumzi, kabla hajakumbuka kujitengeneza tena, kitufe kilikuwa kimeshabonyezwa. Watu walizitazama picha zile wakasema, huyu kweli ni mimi.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la madaftari. Dirisha pana upande wa kushoto, stuli moja ya mbao, ukuta wa kijivu alioupaka kwa mkono wake, na meza ya kompyuta nyuma ya pazia. Kifaa kingine kilikuwa kibao: ubao mwepesi wa kurudisha mwanga usoni, mweupe upande mmoja, na upande wa pili umebandikwa karatasi ya fedha. Upande mweupe ni wa uso uliochoka, wa fedha ni wa uso uliofifia. Kibao hicho kilikuwa na mshikaji wake, naye alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa, aitwaye Kitinda na dunia nzima kwa kuwa ndiye kitindamimba wa mama yao.

Mama yao alifariki Kitinda akiwa na miaka tisa. Dada mtu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka ishirini na mitatu, alimsuka nywele, akampeleka shule, akamtetea kwa walimu, na alipomaliza masomo akamwingiza kazini. Somo la kwanza alimpa siku ile ile: "Jicho la karibu kwanza. Uso ukigeuka kidogo, jicho moja linakuwa karibu nawe na jingine mbali. Fokasi, ule ukali wa picha, iwe kwenye jicho la karibu. Jicho likiwa kali, yote yatasamehewa. Jicho likififia, hata ukimvisha mtu taji, umepiga kivuli." Baada ya somo hilo akampa kibao ashike. Na hapo, miaka kumi na moja, ndipo Kitinda alipobaki.

Sina budi kusema ukweli, ingawa nampenda Mama Pumua: upole wake wote aliumaliza kwa wateja. Kwa mdogo wake zilibaki amri. "Inua. Shusha. Rudi nyuma. Geuza kibao!" Siku yenye watu wengi, Geuza kibao ilisikika mpaka duka la madaftari, na mwenye duka akawa anamtania Kitinda kwenye ngazi, "Vipi, umegeuza?" Kitinda alicheka. Kila mtu alidhani anacheka kweli.

Basi mwaka huo mkono wa Mama Pumua ukagoma. Lawama zote zilimwangukia Jiwe. Jiwe ni jina alilokuwa ameipa lenzi yake ya picha za uso, ya milimita themanini na tano, ya zamani, kioo kitupu na chuma, karibu kilo nzima. Kamera yenyewe alikuwa ameshaibadilisha, akachukua hizi za kisasa zisizo na kioo cha kupinduka ndani, nyembamba, akidhani uzito umekwisha. Wapi! Kamera ilipungua, lenzi ikabaki vilevile, na sasa mzigo wote ulikuwa mbele. Ni sawa na kumpunguzia punda kamba ukamwachia gunia. Kano ya chini ya dole gumba ikavimba, na kila alipoinua kamera maumivu yalipanda mpaka kwenye kiwiko.

"Mama, mkono huu haukatai kazi, unakataa mzigo," daktari alimwambia akimfunga bandeji yenye ubao ndani. "Wiki tatu usiinue kitu. Baada ya hapo tafuta chombo chepesi. Ukirudia kile kile, utafika mahali kijiko kitakushinda."

Walimshauri atumie stendi ya miguu mitatu. Hakutaka hata kusikia. Pumzi ya mtu haisubiri stendi, alisema. Mtu akiachia pumzi kichwa kinasogea, nawe lazima usogee naye. Huo ulikuwa ubishi wake, na picha zake zilimpa haki.

Wiki tatu zile ziliisha vibaya kwa kalenda, maana zilikaribiana na kazi ya chuo cha uuguzi. Kila mwaka chuo kilimwita kupiga sura za wahitimu wote, watu mia na ishirini kwa siku mbili, na picha zile zilitundikwa kwenye korido ndefu inayokwenda wodini. Korido ile ndiyo iliyokuwa fahari yake. Wagonjwa walipita pale wakisukumwa kwenye vitanda wakaziangalia nyuso zile, na wauguzi waliohitimu zamani walirudi kuonyesha watoto wao, huyu mimi. Mkataba ulikuwa wa kusainiwa mwaka hadi mwaka, na mwaka huu mwisho ulikuwa Ijumaa. Ama apate lenzi nyepesi inayomridhisha kabla ya Ijumaa, ama korido ile mwaka huu iwe na nyuso zilizopigwa na mtu mwingine.

Wakakaa mezani jikoni, yeye na Kitinda, na mizani ya kupimia unga katikati. Jiwe akapandishwa kwanza, mshale ukakimbia.

"Tuchukue lenzi ya hamsini," Kitinda alisema. "Ni ndogo, inaingia mfukoni."

"Hamsini ni ya watu watano wamesimama. Kwa uso mmoja itabidi nimsogelee mtu mpaka nijue amekula nini. Na ukimsogelea, pua inatangulia, masikio yanakimbilia nyuma. Muuguzi amekesha miaka mitatu halafu nimpe pua?"

Kitinda akacheka mpaka akashika meza. "Basi ipo themanini na tano nyingine, ile nyepesi. Ganda lake ni la plastiki. Haifiki nusu kilo."

"Tundu lake la mwanga ni dogo kuliko la Jiwe. Nyuma ya mtu hapayeyuki sana kuwa ukungu." Mama Pumua akafikiri, kisha akajijibu mwenyewe, "Lakini ukuta wangu ni wa kijivu. Nayeyusha nini? Shida ni jicho tu. Jicho likitoka kali, hiyo hiyo naichukua kesho."

"Niachie mimi, dada. Wewe mkono umefungwa. Fundi wa kamera atatuazima siku moja. Nitampiga yule mshonaji wa hapo jirani, kwa Jiwe na kwa hiyo nyepesi, dirisha lile lile, stuli ile ile. Wewe utatazama tu na kuamua."

Mama Pumua alimwangalia mdogo wake akajisikia mtu mwenye bahati. Wako wengi wenye ndugu kumi na hawana hata mmoja wa kuwabebea kamera. Alimshukuru, jambo ambalo si la kila siku, na Kitinda akainama kukunja kitambaa cha meza ambacho hakikuhitaji kukunjwa.

Siku ya Jumatano Kitinda alirudi na memori kadi, akaichomeka kwenye kompyuta huku amenuna.

"Naogopa hata kukuonyesha."

Picha za Jiwe zikaja kwanza. Mshonaji alikuwa ameketi upande, uso umegeuka kidogo, jicho la kulia likimtazama mtu mpaka ndani. Kisha zikaja za lenzi nyepesi, kumi na mbili. Mwanga ule ule, shingo ile ile, lakini macho yalikuwa na ukungu, kama kioo ulichokihemea asubuhi ya baridi.

"Haina roho, dada," Kitinda alisema taratibu. "Nimejaribu na kujaribu. Fundi mwenyewe anasema hizi nyepesi ndivyo zilivyo."

Mama Pumua hakuwa mtu wa machozi, lakini siku ile yalimtoka. Alilia wazi, kwa sauti, mkono uliofungwa ukiwa mapajani. Alilia kwa sababu aliipenda kazi ile kuliko kitu kingine chochote alichokuwa nacho, na sasa aliona inamtoka. Kitinda akamkumbatia. Akavua mtandio wake mwenyewe akamfuta uso, shavu la kulia, shavu la kushoto.

"Labda Mungu anataka upumzike," akamwambia.

Kesho yake Kitinda alitoka kwenda kununua karatasi. Mama Pumua akabaki peke yake na zile picha. Usiniulize kwa nini alizifungua tena. Mtu mwenye jino bovu ulimi wake hauachi kulifuata. Alitaka kuujua ubaya wa ile lenzi ulivyo, basi akazikuza kwa mkono wa kushoto, polepole, akipanda kutoka kidevuni. Midomo, ukungu. Pua, ukungu. Jicho la karibu, ukungu, la mbali, ukungu zaidi. Akaendelea mpaka pembeni mwa uso, kwenye sikio.

Mshonaji alivaa hereni ndogo ya shaba iliyowahi kukatika ikaungwa. Alama ya kuungwa ilionekana. Kinyweleo kimoja kwenye ncha ya sikio kilionekana. Uzi mwekundu ulionasa kwenye nywele, kazi ya mshonaji haimwachi mtu, ulionekana nyuzi zake zote. Sikio lilikuwa kali kuliko picha yoyote aliyowahi kuipiga kwa Jiwe.

Akafungua ya pili. Sikio. Ya tatu, sikio. Akafungua zote kumi na mbili, na katika zote kumi na mbili ukali ulikuwa umekaa mahali pamoja, kwenye hereni ile.

Wewe na mimi tungesema lenzi mbovu, tukaenda zetu. Yeye alikuwa mwalimu wa kazi ile. Lenzi mbovu hukosea ovyo: hapa itakamata bega, pale kola, mara nyingine itabahatisha jicho. Haichagui. Tena kamera hizi mpya hulitafuta jicho zenyewe. Kijisanduku cha kijani kwenye kioo cha kamera huliganda jicho la mtu hata akitikisa kichwa. Ili kamera ile ilenge sikio, lazima mtu aingie kwenye mipangilio, aizime kazi hiyo, kisha akisogeze kijisanduku kwa kidole mpaka kwenye hereni, akiachie hapo, apige. Mara kumi na mbili. Na aliyejua kwamba jicho likififia kidogo tu Mama Pumua ataikataa lenzi bila kuuliza swali la pili, alikuwa ni mtu mmoja tu duniani.

Alikataa kuamini. Alisimama akafunga dirisha, akalifungua. Alijiambia kidole cha Kitinda kiliteleza. Alijiambia kamera ilikuwa na mipangilio ya zamani. Alijitafutia sababu saba kwa ajili ya mdogo wake, na zote saba zilianguka kwenye ile hereni. Akavaa viatu akashuka ngazi.

Kibanda cha fundi wa kamera ni kipana kama kabati la nguo, na fundi mwenyewe hujaza nusu yake.

"Fundi, ile themanini na tano nyepesi uliyomwazima mdogo wangu, ina kasoro gani?"

"Kasoro? Nani kasema?"

"Wewe. Umesema hizi nyepesi ndivyo zilivyo."

"Mimi nimesema ni nyepesi. Siku hizi ni kosa?" Akaitoa kwenye droo, akaifuta, akampa. "Ijaribu mwenyewe, acha maneno ya kuletewa."

Mama Pumua alifungua bandeji. Akaifunga lenzi kwenye kamera aliyokuja nayo begani, akaiinua kwa mkono wa kulia, akingoja maumivu. Hayakuja. Akaishusha akaiinua tena, mara tatu, mara nne, fundi akimshangaa.

"Kaa hapo kwenye mwanga. Pumua."

"Nipumue nini, mimi nina kazi."

"Pumua, fundi!"

Fundi akapumua kwa hasira, na picha ikatoka. Akaikuza hapo hapo. Kope za fundi zilihesabika moja moja. Vumbi kwenye miwani yake lilionekana, na nyuma ya vumbi jicho la mtu mwema aliyechoshwa na wateja. Mama Pumua alifurahi. Furaha ile ilimjaa kifuani kwa muda wa mtu kuvuta pumzi mara moja, kisha akakumbuka ina maana gani.

"Na ile ya kwanza inaendeleaje?" fundi akauliza akirudisha miwani yake puani.

"Ya kwanza ipi?"

"Aliyochukua Kitinda mwezi uliopita. Pacha wa hii. Aliisifu sana, akasema mnabadilisha vifaa kwa ajili ya kazi ya chuo. Ndiyo maana nilishangaa mnaazima nyingine."

Mama Pumua hakuwa na habari ya pacha yoyote. Lakini aibu ya nyumbani haianikwi kibandani kwa mtu, basi akatabasamu, ndiyo, alitabasamu, akasema, "Inaendelea vizuri sana." Akaomba akae na hii mpaka kesho. Fundi akamruhusu.

Hakurudi studio. Miguu ilimpeleka chuoni. Alipita kwenye korido ile, nyuso za miaka kumi na moja zikimtazama kwa macho makali, na kwenye ofisi ya mwisho mkuu wa chuo alipomwona aliinuka akaja kumkumbatia.

"Mama Pumua wetu! Pole kwa mkono. Tulihuzunika, nisikufiche. Lakini tukasema, amefanya kazi yake, apumzike. Umenikuta nataka kukuletea hii mwenyewe."

Alimpa kadi kubwa, ya kukunjuliwa kwa mikono miwili. Imejaa majina na saini, za wauguzi wa mwaka jana na za wale wa mwaka wa kwanza kabisa, ambao sasa wengine ni wakuu wa wodi. Katikati mtu mwenye mwandiko mzuri alikuwa ameandika: Mama Pumua, sasa pumua wewe.

Ingekuwa kilemba cha ukoka angeitupa. Lakini mapenzi yaliyokuwa kwenye kadi ile yalikuwa ya kweli, na hilo lilimchoma zaidi. Watu hawa walikuwa wamemlilia na kumuaga, na yeye yuko hai, na mkono wake unaweza.

"Nani aliwaambia nimestaafu?" akauliza.

Mkuu wa chuo akamtazama, kisha akaitazama droo yake. "Mdogo wako. Alisema umemtuma. Amesaini mkataba Jumatatu ya wiki jana, kwa jina lake."

Jumatatu ya wiki jana. Jikoni na mizani walikaa Jumamosi. Kwa hiyo Kitinda alipokuwa akicheka habari ya pua, ameshika meza kwa kicheko, mkataba ulikuwa umeshakauka wino. Ile hamsini, ile nyepesi, niachie mimi dada, yote yalikuwa ya kumtia mchanga wa macho mpaka Ijumaa ipite.

"Mimi sijastaafu," Mama Pumua alisema.

Mkuu wa chuo alikaa chini. "Basi niletee barua kabla ya kesho saa nne. Mistari miwili inatosha: kwamba hujastaafu, na kwamba aliyeleta habari hizo hakutumwa na wewe. Nikiwa nayo nitaufuta mkataba. Bila hiyo siwezi, saini yake ipo." Akamtazama usoni. "Lakini ujue, akishaandikiwa hivyo, hapa hatapata kazi tena."

Kitinda aliporudi na karatasi zake alimkuta dada yake amesimama karibu na dirisha, bandeji imefunguliwa, kamera mkononi. Aliiona lenzi kabla hajaona kitu kingine. Aliweka mzigo chini polepole.

"Dada."

"Kaa."

"Dada, ngoja nikueleze."

"Kaa kwenye stuli."

Kitinda akakaa. Mama Pumua alikuwa ameshazima ile kazi ya kutafuta jicho, na kijisanduku alikuwa amekisogeza kwa kidole mpaka ulipo upande wa sikio. Hiyo ndiyo ilikuwa nia yake, tusimpambe: kumpiga mdogo wake picha yenye sikio kali na macho ya ukungu, aitundike ukutani, kila aingiaye aione na mwenyewe aijue. Akainua kamera.

"Pumua."

Miaka kumi na moja Kitinda alikuwa amelisikia neno lile likiambiwa watu wengine. Hakuwahi kukaa pale yeye. Akaachia pumzi, na uso wake wote ukashuka, ukawa uso wa mtoto wa miaka tisa mlangoni, siku waliyorudi kutoka kumzika mama. Kidole cha Mama Pumua kikakirudisha kijisanduku kwenye jicho la karibu, chenyewe, bila ruhusa yake. Akapiga. Mkono ulikuwa umekataa kukosea hata kwa hasira, na alichukia sana kwamba wa mdogo wake uliweza.

"Umeanza lini?" akauliza.

"Mkono wako ulipoanza kuvimba."

"Mimi nilikukosea nini?"

Kitinda yakamtoka yote. "Miaka kumi na moja, dada. Pale chuoni unajua wananiitaje? Yule wa kibao. Siku niliyokwenda peke yangu, mkuu wa chuo aliniuliza jina. Miaka kumi na moja nimesimama mbele yake, akaniuliza jina! Ungesema mwaka mmoja tu, Kitinda, piga wewe hawa watano wa mwisho. Ulisema nini? Geuza kibao. Mpaka mwenye duka la madaftari ananitania."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia ungesema jicho la karibu kwanza."

Lilikuwa neno la kweli, na Mama Pumua alilisikia. Lakini lililomuuma lilikuwa jingine.

"Hayo yote ningeyameza," alisema. "Ungenitukana ningemeza. Ungeondoka na nusu ya wateja ningemeza. Lakini nililia mbele yako, Kitinda. Machozi yale uliyaleta wewe kwa kidole chako, halafu ukavua mtandio ukanifuta. Mtandio ule ule uliouvaa. Nani alikufundisha hilo? Mimi sikukufundisha."

Kitinda alilia. Alilia kweli, na hata mimi ninayesimulia siwezi kusema aliigiza. Akasema, "Twende wote, dada. Kesho asubuhi. Tuwaambie hawakunielewa. Lenzi unayo, mkono wako unaweza, barua haina haja. Tufanye wote kama zamani."

Mama Pumua aliitaka sana njia hiyo. Aliutazama uso wa mdogo wake, akatazama kibao kilichoegemezwa ukutani, upande wa fedha nje.

"Nani atashika kibao?" akauliza.

Kitinda naye akakitazama kibao. Mmoja wao angeweza kusema, mimi. Neno fupi hilo, halina hata uzito wa lenzi. Walisubiriana. Gari likapita chini, mwenye duka la madaftari akamwita mtu, na pale juu hakuna aliyelisema.

Basi Mama Pumua akaketi mezani, akachukua karatasi moja kati ya zile zilizonunuliwa asubuhi, akaandika kwa mkono wake wa kulia. Haikuchukua muda. Alipomaliza aliisoma kwa sauti, maana hakutaka kumfanyia mtu jambo nyuma ya mgongo wake.

"Mimi sijastaafu. Aliyewaambia hivyo ni mshika kibao wangu, na hakutumwa na mimi."

Kitinda alikuwa ameshainuka, mtandio mkononi. Alisimama mlangoni.

"Hata leo, dada," alisema. "Hata leo jina langu huliandiki."

Akashuka ngazi. Mama Pumua aliitazama ile sentensi ya pili. Kalamu ilikuwa bado mkononi, na nafasi ya kuandika jina ilikuwepo, juu ya mstari. Kwenye kompyuta picha ilikuwa imefunguka, jicho la karibu kali kupita kiasi, na ndani ya jicho dirisha lake, na mbele ya dirisha kivuli kidogo cha mwanamke ameinua kamera peke yake. Aliikunja barua kama ilivyo, akaitia kwenye bahasha.